Mvua ya Juu, Mto wa Chini

Burat, Isiolo
3 Oktoba

Mama yangu,

Hamjambo huko Timau? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, ni joto tu linatusumbua.

Mworia alipotoka huko na kushusha viazi vyake sokoni aliniambia umesema simu yangu hutashika, lakini barua hujamkataza mtu. Nilicheka peke yangu hapo kati ya magunia, halafu nikalia kidogo. Basi naandika.

Wiki jana mtu wa hali ya anga alikuja kwa baraza ya chifu. Alisoma karatasi ndefu, ya mlimani kwanza, kisha yetu ya huku tambarare. Akisoma ya mlimani watu walikuwa wanapiga gumzo tu. Alipofika kwetu tukanyamaza. Akasema mpaka Desemba mvua itakuwa chini ya kawaida. Kwa hivyo mume wangu Abdighani, na lazima nimtaje mama, ameona tusingoje kiangazi kitukute. Tumeshuka mpaka ukingo wa mto. Nyumba ya mabati, zizi la mbuzi, vitunguu, vyote viko pale chini kwa udongo mweusi. Maji unachota kwa ndoo ukiwa umesimama mlangoni. Ungeviona hivyo vitunguu ungefurahi, hata kama shamba ni lake.

Nisalimie kuku wako.

Mwanao,
Gatwiri


Timau
11 Oktoba

Gatwiri,

Muga, salamu zako nimepata. Mgongo unauma asubuhi, ikifika jioni unasahau. Kuku hawajambo, na yule jogoo mwekundu amekuwa na kiburi kama marehemu babako.

Niliapa mbele ya watu kwamba sitaongea na wewe kwa simu mpaka utoke kwa huyo mtu wako. Nilikuwa na hasira, nikasema simu. Kuandika sikutaja. Usidhani nimelainika.

Sasa sikiza. Hiyo karatasi na sisi tumesomewa kwa redio. Ya kwetu inasema huku mlimani mvua itazidi. Nyinyi mlinyamaza mkasikiza yenu peke yake. Umesahau ulikozaliwa? Huo mto unaochotea ndoo unaanzia hapa nyuma ya kwetu. Wewe mwenyewe ukiwa mtoto ulikuwa ukitupa majani ndani ukisema yanaenda Isiolo. Ikinyesha huku ni kwenu itafika, na hapo Burat jua likiwa linawaka.

Mimi nakwambia, hapo si mahali. Beba vitu vyako uondoke.

Mamako


Burat
19 Oktoba

Mama,

Natumaini umeamka vizuri. Mimi sikuamka vizuri.

Nilikuwa namsomea Abdighani barua yako. Nilipofika mwisho nikaikunja, kwa sababu niliona aibu. Beba vitu vyako uondoke. Maneno hayo uliniambia siku ya harusi ukiwa umesimama mlangoni. Ukanitumia kwa shangazi, ukanitumia kwa pasta. Sasa umeyaleta kwa njia ya mto.

Huku hakuna wingu hata moja. Mtu wa serikali amesoma, chifu amesikia, Waborana na Waturkana wote wameteremsha mifugo kwa maji. Ni mimi tu ambaye mama yangu ananiambia nihame. Hapa ndipo kwangu, mama. Kama huna habari nyingine, usijisumbue kuandika.

Bado ni mwanao,
Gatwiri


Timau
2 Novemba

Mwanangu,

Natumaini mko na afya. Barua ya wiki jana Mworia amenirudishia ikiwa bado imefungwa. Viazi, anasema, ulichukua. Sawa. Hata mimi ningechukua viazi.

Naandika hii nikijua labda nayo itarudi. Mlima hatujauona tangu Jumapili. Kunanyesha huko juu bila kupumzika, na udongo umeshiba, sasa haunywi tena. Nimeenda kuangalia mto. Bado ni safi, haujageuka rangi. Nitakuwa naenda kila asubuhi.

Yale maneno ya kukuambia uondoke niliyatumia vibaya mpaka yakaisha nguvu. Leo ndiyo ninayahitaji, na sina mengine.

Mamako


Burat, hapa shuleni tulikohifadhiwa
9 Novemba

Mama,

Tuko hai. Naanza na hiyo kabla ya salamu. Na wewe, umepata usingizi?

Barua yako Mworia amenipa leo. Ile simu ilipoita juzi nilikuwa sokoni. Niliona jina lako nikaiacha iite. Nilisema, acha na yeye aonje. Kumbe uliponikosa ukamtafuta Abdighani, na namba umeitoa wapi sijui. Ananiambia alisikia mama analia kwa Kimeru, akafikiri ni mtu amekosea namba. Halafu ukashika Kiswahili, ukamwambia, "Mwanangu, mto umekuwa mwekundu. Toa watu wako hapo."

Anasema hakuuliza swali hata moja. Hakuna mtu amemwita hivyo tangu mamake afariki. Alifungua zizi, akamwita jirani yetu Waqo na familia yake, wakapanda mpaka barabarani. Jua lilikuwa kali, na Waqo alikuwa anamcheka. Walikuwa bado wanabishana maji yalipokuja na miti mizima. Yalichukua nyumba, vitunguu, pampu, na mbuzi wachache wa Waqo. Wetu wako wote. Watu pia wako wote.

Mama, mara hii hukusema nimwache. Ulisema atoe watu wake, na mimi nikiwa mmoja wao. Nimekuwa nikilifikiria hilo neno tangu juzi.

Nisamehe kwa kuiacha simu iite.

Mwanao,
Gatwiri


Timau
14 Novemba

Kwa Gatwiri na mumeo,

Muga nyote wawili. Mimi ni mzima, ila sauti imepotea kwa kupiga kelele kwa simu. Sikujua inasikia hata ukiongea polepole.

Pasta ameniuliza habari ya kiapo changu. Nikamwambia niliapa kutoongea na Gatwiri, na Gatwiri hakushika simu, niliongea na mwanangu. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Redio inasema huku kwetu mvua itaendelea mpaka mwisho wa Desemba, na baridi itazidi. Safari hii msikize na yetu. Shuleni si pa kukaa watu wazima. Mworia anashuka Alhamisi, pandeni naye mje. Mbuzi mwachieni Waqo awaangalie. Chumba chako nilikuwa nimejaza viazi, nimevitoa. Mwambie Abdighani aje na koti zito, hayo mashati ya Isiolo hayatamsaidia hapa.

Nimeambiwa watu wa dini yake hawali nyama iliyochinjwa na mtu kama mimi. Nilikasirika kidogo, halafu ikapita. Jogoo mwekundu nimemfunga hapo chini ya parachichi na kisu nimekinoa. Sijamgusa. Atamchinja yeye akifika.

Mama yenu