Marahaba ya Mama

Jumamosi, Pugu. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo nilizofua jana bado zinachuruzika kwenye kamba, na mimi sijisikii tofauti nazo.

Mama yuko kwangu wiki nzima sasa. Kaka Deo alimleta kutoka kwake Mwananyamala ili "apumzike kidogo". Jana akapiga simu: anataka Mama ahamie hapa moja kwa moja. Jibu nimpe leo jioni.

Nilipanga kukataa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni.

Mama hakuwa mtu wa fimbo. Nikikosea, aliacha kuniitikia. Namwamkia asubuhi, "Shikamoo mama", kimya. Narudi shule, naamkia tena, kimya. Ilikuwa siku moja, wakati mwingine wiki, na kosa sikuambiwa. Mtoto wa jirani akipita na kuamkia, Mama aliitikia kwa furaha: "Marahaba mwanangu mzuri, hujambo?" Nami nimesimama palepale na ndoo yangu kichwani.

Kwa hiyo makosa nikawa nayatafuta mwenyewe. Niliyapata mengi.

Leo mimi ni mtu mzima, nina binti, Neema, natunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Bosi akichelewa kujibu ujumbe, naurudia kuusoma nitafute nilipokosea. Naomba radhi kwa watu wasiojua nimewakosea nini. Baba yake Neema aliondoka akisema amechoka kuulizwa kila jioni, "Umenikasirikia?" Mshauri wa kliniki alinisikiliza vizuri, akanifundisha kuvuta pumzi taratibu. Navuta.

Asubuhi hii Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikampelekea chai.

"Shikamoo mama."

Kimya.

Nikasimama na kikombe, nikaanza kutafuta. Sukari? Lile taulo nililompa? Jana nilicheka kwa sauti kwenye simu?

Neema akatoka ndani anapiga miayo. "Shikamoo bibi!" Kimya vilevile. Lakini yeye hakutafuta kosa. Alizunguka upande wa pili, akamwegemea gotini. "Bibi, nakuamkia bwana! Au umeninunia?"

"Marahaba mjukuu wangu! Nikununie wewe, nani atanitolea mawe kwenye mchele huu? Sikio la huko limekufa siku nyingi." Wakacheka wote wawili. Kisha akaniona. "Na wewe mbona umesimama kama mgeni?"

Ni sikio tu. Akili ilielewa papo hapo. Mwili haukuelewa. Nilipoweka kikombe chini, nusu ya chai ilikuwa kwenye kisosi.

Jioni Deo akapiga.

"Mdogo wangu, umeamuaje?"

Nikamwambia nikikaa na Mama naumwa. Nikamkumbusha zile siku za kununiwa.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikunyima chakula?"

"Hapana, kaka."

"Sasa? Mama zetu wote walikuwa wananuna. Mtu mwenyewe kazeeka, hata hakumbuki."

Hakusema kwa ukali. Deo ni mtu mwema. Ila yeye alikuwa anaitikiwa.

Ningemwonyesha nini? Kovu sina.

"Sawa, kaka. Abaki."

Akanishukuru, akaniombea baraka.

Sasa nawasikia chumbani. Mama anamsimulia Neema hadithi ya sungura, na Neema anamkatiza kila mara kwa maswali, na anajibiwa. Nafurahi kwa ajili ya mwanangu, kweli kabisa. Pia namwonea wivu, na wivu huo sina pa kuupeleka.

Kesho asubuhi nitamwamkia tena. Nimeshachagua pa kusimama: upande wa sikio lililokufa.

Ili asipoitikia, liwe ni sikio.