Mume Wangu Ananifundisha Kazi Yangu Mwenyewe

Mama Shivachi,

Pokea salamu kutoka Kawangware, steji ya 46, hapa Nairobi. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mbao nje ya karakana ambayo nimeifunga mimi mwenyewe kwa kufuli, na kama maneno yangu yatakuwa makali nivumilie, kwa sababu nimenyamaza karibu miaka miwili na sasa nimeshindwa. Na tafadhali usinibadilishie jina kwa gazeti. Nimechoka kufichwa.

Mimi ni Kalekye, nina miaka thelathini na saba, kwetu ni Mwingi, na kazi yangu ni useremala. Niliusomea kwa chuo cha ufundi huko nyumbani, halafu nikafanya miaka tisa kwa vibanda vya fanicha vya Ngong Road, nikipiga msasa na kuunganisha viti ambavyo wanaume waliviuza wakisema ni vyao, na kila siku nilikuwa najiambia kuna siku nitakuwa na pahali pangu nyumbani, nifanye kazi huku nikiwaona watoto wangu wawili wakicheza. Tunakaa vyumba viwili kwa ploti ya Mama Wagaki, na nyuma ya vyumba kuna nafasi hadi ukutani, nikamwomba, akakubali bora nisizibe mtaro. Nilisimamisha nguzo, nikapiga mabati, nikatengeneza meza ya kazi ndefu, na mbao zilizobaki sikuzitupa, nilitengenezea watoto kitanda cha juu na chini, nikaweka rafu jikoni, nikajenga kakibaraza mbele ya mlango ili mvua isiingie ndani. Mume wangu Nzuki alinisaidia, siwezi kusema uongo. Alibeba mchanga wa sakafu na akanishikia nguzo. Lakini msumari hata mmoja hakupigilia, anajua hivyo na Mungu anajua.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu najua utaniuliza. Kastoma wa kwanza aliitwa Rachael, alitaka stendi ya televisheni, akaniangalia na leso yangu kiunoni akauliza fundi yuko wapi. Kule Ngong Road nilikuwa nimeona watu wengi wakinipita kwenda kutafuta mwanaume, kwa hivyo nikamwambia fundi ni mume wangu, ametoka kidogo, lakini naweza kumchukulia vipimo. Akaleta oda, akafurahia kazi, akaleta dada yake. Nikamwambia Nzuki tukacheka wote wawili. Wakati huo alikuwa bado ni mlinzi huko Lavington, na hakuna kitu kilikuwa kimeharibika.

Halafu akaachishwa kazi. Akaanza kukaa mlangoni kwa karakana, kastoma wakija anawapokea, anaongea vizuri kwa sababu mdomo anao, na mimi nikiwa ndani na randa wanadhani namfagilia vumbi. Akaandika kibao, "Nzuki Furniture", na mimi mjinga ndiye nilimshikia mkebe wa rangi. Nilijiambia bora watoto wanakula.

Kanisa letu likataka mimbari. Niliifanya wiki tatu, Mama Shivachi, nilichonga mashada ya zabibu pande zote mbili kwa patasi ndogo hadi vidole vikafa ganzi. Jumapili ya kuiweka wakfu pasta akamwita Nzuki mbele, akampa kipaza sauti, na mume wangu akasimama akasema kila alipopiga randa alikuwa anaomba. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya nne, nimebeba mtoto amelala, na nikapiga makofi pia. Tulipofika nyumbani nikamuuliza aliwezaje kusema hivyo mbele ya madhabahu, akavua viatu polepole akaniambia, "Si ni wewe ulianza?" Nikakosa jibu, na hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Mwezi uliopita akapata oda kubwa, mwalimu anaitwa Marion ana shule ndogo ya chekechea huko Riruta, anataka madawati ishirini na manne kabla ya kufungua. Nilipoenda kununua skrubu, Marion akapita kuona kazi inaendeleaje, akasema angependa kuona mbao zikikatwa. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kugusa ule msumeno wa stima, akaona aibu kusema hapana. Nilikuwa nimeacha plagi kwa soketi. Nilirudi nikakuta umati kwa mlango na damu hadi kwa kitambaa nilichokuwa nimetandaza kukinga rangi, amejikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, kimoja kikashonwa na kingine kikakatwa nusu.

Nikamuuguza. Nikamlisha, nikamfulia nguo, nikambadilisha bandeji. Kanisa likaja, majirani wakaja, wakaleta unga na sukari, wakamwita fundi wa watu, wakasema shetani anapiga pale ambapo mtu ana kipaji, na mimi nikawamiminia chai. Pasta akaiombea hiyo mikono iliyotengeneza mimbari. Nilikuwa nimeshika birika, nikatoka nje kwa sababu niliona nitaimwaga kwa mtu.

Lakini hata hiyo ningeimeza. Kile nimeshindwa kumeza ni kwamba alipopata nguvu alimpigia Marion simu, akamwambia asiogope, madawati yatakuwa tayari, yeye atakuwa ameketi hapo akimwelekeza bibi yake. Na kweli akaleta kiti. Akaketi katikati ya karakana yangu na mkono umefungwa, na kila mara mtu akipita, yeye ananiambia hapo piga randa kidogo, hapo gundi ni nyingi, shika nyundo chini. Kwa wiki mbili, mbele ya watoto wangu. Mtoto wangu mkubwa akaniuliza kama baba ataanza kunilipa nikishajua.

Jumamosi Marion akaja na kina mama wawili wa kanisa. Wakaangalia dawati la sita likiwa limemalizika, wakashangaa jinsi nimeshika kazi haraka, na Marion akaniambia, "Mama, una bahati, mwalimu wako uko naye ndani ya nyumba." Nzuki akacheka akasema nilikuwa mgumu mwanzoni.

Nikaweka nyundo chini. Nikawaambia wote watoke, kastoma, kanisa, wote, na Nzuki alipoinua ule mkono kunituliza nikamwambia neno ambalo nilikuwa sijalifikiria. "Huo msumeno ulikosea, ulifaa kukata ulimi." Watoto walisikia. Nikafunga kufuli, ufunguo nikauweka ndani ya nguo. Jioni hiyo akahamia kwa kakake Musyoka huko Kibera, Makina, na Musyoka amenipigia simu mara tatu akitaka niende nimwombe mume wangu msamaha mbele ya familia, eti nimemuaibisha mtu mgonjwa.

Kumebaki madawati kumi na manane na siku tisa. Nikifungua nimalize, sifa ni za mwalimu wangu wa kwa kiti. Nisipomaliza, jina linaharibika, na hata hilo jina si langu. Niende kanisani nisimame niseme ukweli wote? Nibomoe hivyo vitu nirudi Mwingi? Ama nimwombe msamaha? Mimi sioni nimwombe msamaha wa nini, isipokuwa lile neno moja, na hilo pia sitaki niwe wa kwanza kuliombea.

Kalekye, Kawangware 46

MAMA SHIVACHI ANAJIBU:

Kalekye,

Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka. Ya wengine nimeyageuza, lakini usijidanganye, mtaa utawajua. Kwa hivyo barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine, na kuna jambo la kufanya leo kabla hili gazeti halijamfikia yule mwalimu.

Kwanza, hasira yako ni halali. Nimesoma mahali pa kiti mara mbili na mara zote mbili nimekasirika nawe. Mtu mzima kukaa kwa kiti kumwelekeza fundi wa miaka tisa jinsi ya kushika nyundo, mbele ya watoto aliowazaa, ni dharau, na bandeji haiigeuzi kuwa kitu kingine. Musyoka akipiga simu ya nne mwambie hivyo kwa heshima na ukate.

Sasa geuka tuongee mimi na wewe. Uongo wa kwanza uliusema wewe. Najua kwa nini, na pengine hata mimi ningeusema, kwa sababu mtu mwenye njaa hawezi kungoja hadi kastoma wajifunze adabu. Lakini uliusema ukauacha uendelee kwa sababu ulikuwa unaleta oda, na siku ya kibao ulishika mkebe. Mume wako alipokuuliza si wewe ulianza, alikuwa anajitetea vibaya, lakini hakukudanganya. Jibu ulilokosa siku hiyo ni hili: ndiyo, nilianza, na leo nimemaliza. Ungelisema jioni ile, angekuwa na vidole kumi.

Na hiyo plagi, hapo sikuhurumii hata kidogo. Una watoto wawili wanaocheza kwa hiyo nafasi ya nyuma. Ungeweza kuwa unaniandikia barua nyingine kabisa. Kuanzia leo ukitoka nje hata kununua chumvi, plagi unachomoa, msumeno unaufungia kwa sanduku, na kwa mlango wa karakana unaweka wewe mwenyewe komeo ambalo mtoto halifikii. Kama uliweza kitanda na rafu na kibaraza, hilo ni kazi ya nusu siku. Ulipaswa kuanza nalo.

Kuhusu Nzuki. Nilivyomsoma mimi, ni mtu aliyepoteza kazi akawa hana la kujibu watu wakimuuliza anafanya nini siku hizi, na kibao kikamjibia. Mtu aliyekuwa na jina la fundi akaona afadhali aweke mkono kwa msumeno kuliko kumwambia mwanamke mmoja kwamba hajui. Hiyo inanieleza kwa nini alifanya. Hainifanyi nikubali. Huruma mpe, lakini karakana usimpe.

Leo, mpigie Marion simu wewe, kwa sauti yako. Mwambie nani alitengeneza yale sita na nani atatengeneza kumi na nane, na umwambie aje akuone ukikata mbao. Mwombe msamaha kwa kumfukuza, maana yeye aliamini tu kile nyumba yenu ilimwambia. Akighairi, utaumia, lakini utajua. Sidhani ataghairi, amebakisha siku chache na yale sita ameshayaona kwa macho. Halafu tafuta mwenzako mmoja wa Ngong Road akusaidie, kwa sababu hiyo kazi ni nyingi kwa mikono miwili na wewe umechoka.

Kanisani usiende kupiga kelele. Ukisimama na hasira hiyo, watu watakumbuka kelele na wasahau mimbari. Nenda Makina mwenyewe mchana, si kwa kikao cha Musyoka, muite Nzuki nje muongee wawili. Lile neno la ulimi liombee msamaha kwanza, ndiyo, kwanza, kwa sababu lilikuwa la kikatili na watoto walilisikia, na ukiliondoa wewe hatakuwa na mahali pa kujificha. Usiombe msamaha kwa kitu kingine chochote. Kisha mwambie Jumapili mtaenda nyinyi wawili kwa pasta ofisini, na yeye ndiye ataongea. Kwa mdomo wake, kama alivyoongea kwa kipaza sauti.

Akikubali, arudi nyumbani na apate kazi ya kweli kwa hiyo karakana. Aliyemleta Marion ni yeye. Anajua kuongea na watu, jambo ambalo wewe kwa barua hii ndefu sioni kama unalipenda. Atafute oda, apeleke mzigo, na mtu akimuuliza nani fundi, ataje jina lako. Akikataa, usimbembeleze na usibomoe kitu. Kurudi Mwingi ni kumwachia hadi mabati. Umeyapiga wewe, kaa chini yake.

Kibao teremsha asubuhi hii, kabla hujapiga hata hiyo simu, na kastoma wakiuliza kwa nini, waambie.

Watoto wa Riruta wanaingia darasani siku si nyingi na wengine wao bado hawana pa kukalia. Toa huo ufunguo ufungue karakana, Kalekye, uanze la saba.