Vizibo Vyako vya Masikio

Heru Juu, 2014

Mume wangu Elia,

Huku hatujambo, ila naambiwa babu yako anakoroma. Unauliza kama uvae vile vizibo vilivyotengenezwa kwa kipimo cha masikio yako, maana mafundi mitambo wenzako wanakucheka. Wanacheka nini?

Nilipokuwa mwimbaji wa bendi Kibondo, nilisimama ubavuni mwa spika nikiwa na pamba masikioni. Kiongozi wetu akaichomoa mbele ya watu. "We binti, umekuja kuimba au kulala?" Ukumbi ukacheka, na mimi mjinga nikacheka nao. Kisha yeye akarudi zake mlangoni, mbali na spika, kukata tiketi!

Vivae. Mdogo wako ameanza kuniita bibi. Wenzangu wanamsikia, mimi naona midomo tu.

Mkeo mzee,
Bibi