Tuliposimama Panjtarni

Buffalo, New York
18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Jovin,

Habari za Louisville? Isaro na watoto hawajambo? Mgongo wako unaendeleaje tangu uanze kazi ya zamu? Mimi mzima, ila magoti bado yananiuma kwa safari ya India niliyokugusia kwenye simu.

Unamkumbuka Mzee Kanti, mwenye duka la vitambaa pale Bukoba? Siku hizi anaishi Amherst kwa mwanawe, Nilesh. Mkewe, Bi Hansa, alifariki Januari. Walikuwa wameahidiana kwenda kuhiji pango la Amarnath, mahali patakatifu pa Wahindu milimani Kashmir. Mzee ametimiza miaka sabini, na wanaozidi umri huo hawaandikishwi kupanda. Kwa kuwa moyo wake ni dhaifu, Nilesh akaniomba niwasindikize kama muuguzi.

Tulikwenda kwa farasi siku tatu hadi Panjtarni. Ni bonde la juu sana, vijito vitano vinakutana, na mahema yamejaa kandokando ya maji. Watu wanaoga maji ya barafu huku wakiomba. Mimi Mkristo sikujua mikono niiweke wapi. Pango lilikuwa limebaki mwendo wa asubuhi moja tu.

Kulipokucha, midomo ya Mzee ilikuwa ya bluu. Nikampima, oksijeni imeshuka vibaya. Daktari wa kambi, aliyezongwa na wagonjwa, akaniuliza vipimo. Mzee akanishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiswahili ili daktari asielewe:

"Theresia, mwambie niko sawa. Nimefika, binti yangu."

"Siwezi, Mzee."

Nikataja namba zote. Daktari akaamuru ashushwe.

Mzee hakubishana. Aliomba tu tumpeleke mtoni. Nikamshikilia, akanawa uso, akageukia upande wa pango na kuongea na Hansa kwa Kigujarati, taratibu, kama mtu aliye mezani na mkewe. Nilesh akapanda peke yake.

Tuliporudi Mzee hakunisemesha wiki mbili. Juzi akaniita kunywa chai. "Nilikukasirikia sana," akasema. "Lakini pale mtoni nilijua kwamba ninaaga."

Jovin, chai ilinishinda. Mwaka juzi, nilipokuwa nyumbani nikimuuguza Baba, nilikuambia anaendelea vizuri, umalize mitihani kwanza. Daktari alikuwa ameshaniambia zimebaki siku chache. Kisha nikakuambia alifia usingizini. Sivyo. Aliniuliza kama umeshapanda ndege, nikamjibu ndiyo. Alikufa akiangalia mlango.

Nilidhani nawahurumia. Niliwanyima nyote wawili, wewe na Baba, kuagana. Nisamehe, mdogo wangu. Nipigie utakapoweza, hata kama ni kunigombeza.

Msalimie Isaro, uwabusu watoto. Ndugu yetu Dorcas wa Columbus nitamweleza mwenyewe, usimtangulie. Mungu akushike unaposoma haya, maana mimi niko mbali.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Theresia