Kioo cha Baba Tumaini

Tukuyu, Jumamosi, Juni 1993

Nimehama, na kitanda changu nimehama nacho. Asubuhi sikuwa na uhakika.

Baba Tumaini, mwenye nyumba, alikaa kwenye kigoda katikati ya mlango, akasema hakitoki kitu mpaka nilipie kioo cha dirisha kilichopasuka. Nikamwambia nilikikuta hivyo.

"Mwalimu, ufa huu mbichi kabisa."

Ufa mbichi! Kama ndizi. Kicheko kilinijia, ila niliogopa kweli. Mshahara wa mwezi uliopita bado haujatoka.

Nikaenda hospitali kumwita Mama Neema, nesi aliyepanga chumba kile kabla yangu. Akaja na sare yake, akamwamkia, "Shikamoo, baba," kisha akachungulia dirishani.

"Kumbe bado kipo! Mimi si nilikilipia nilipohama? Ukasema fundi anakuja kesho."

Mara mke wa Baba Tumaini akacheka huko jikoni. "Na yule bwana shamba aliyehamia Masukulu? Si naye alikilipia!"

Baba Tumaini akakohoa, akainuka, akashika upande mmoja wa kitanda. "Twende, mwalimu, mvua hiyo."

Tulikibeba wawili mpaka barabarani. Sikumsimanga, mzee wa watu alikuwa anahema. Tulipokitua akaniuliza kwa sauti ya chini kama namfahamu mtu anayetafuta chumba.

Nikamwambia yupo mwalimu mwenzangu, nitamleta mwenyewe, na tutaanzia dirishani.