Mishumaa ya Mtakatifu Blasio Shingoni mwa Mume Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimekaa kwenye benchi la hospitali na sina mwingine wa kumwambia haya.

Unakumbuka mwiba wa sato ulionikwama kooni nikiwa darasa la pili? Ulinimezesha matonge makavu ya ugali huku ukimwita Mtakatifu Blasio, askofu shahidi aliyemponya mtoto aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Mwiba uliposhuka, ulikaa chini ukalia. Tangu hapo, kila sikukuu yake mwezi wa pili, ulinipeleka kanisani kubarikiwa koo. Padri akinigusa shingoni na ile mishumaa miwili iliyofungwa msalaba, nilicheka, nawe ukanifinya.

Mama, mkweo ana saratani ya koo. Yule uliyesema besi yake inatikisa madirisha ya kanisa letu hapa Mkolani. Madaktari walisema apasuliwe, na akipasuliwa sauti yake ndiyo basi. Akakataa.

"Mama Neema, tusubiri sikukuu ya Blasio," aliniambia. "Wewe si alikusikia?"

Tukasubiri. Siku ilipofika alikuwa amekonda, kola ya shati inampwaya. Padri akamwekea mishumaa shingoni, akasali. Nami niliomba mpaka kucha zikaniingia viganjani. Mume wangu akafungua kinywa aseme "Amina". Ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena. Waliokuwa nyuma yetu wakainamisha vichwa. Ikabidi niiseme mimi.

Nje ya kanisa akaninong'oneza sikioni, "Twende wakanipasue. Nataka kumwona Neema akikua."

Leo asubuhi wamemwingiza chumba cha upasuaji. Sasa ni alasiri. Muuguzi ametoka, nikamshika mkono kumuuliza. "Dada, endelea kusubiri," akasema, akapita.

Nimejaribu kusali, najikuta namgombeza mtakatifu wako. Yule mtoto wa mfupa wa samaki alimponya, mume wangu amemwacha kwa nini? Nisamehe. Imani yako sinayo, Mama, nina hofu tu. Kama uko karibu naye huko mbinguni, usimwombe tena sauti. Sauti aichukue. Nitajifunza kumsoma mume wangu midomo, macho, hata mikono. Mwambie amrudishe tu.

Ni mimi, kitindamimba wako,
bado niko hapa mlangoni.