Manjano Katika Picha za Mwanapili

Jumapili, 8 Februari 1998

Harusi imekwisha salama, alhamdulillahi. Mdogo wangu Mwanapili sasa ni mke wa Amin. Picha nimepiga mimi – upande wa wanawake hapa Munje haingii mpiga picha mwanamume.

Kila filamu nilianza kwa kumshikisha Mwanapili ile kadi ya rangi niliyoachiwa na mpiga picha mmoja Mjerumani wa Diani. Ina miraba ya rangi, na safu ya chini inatoka nyeupe, ikapita kijivu, hadi nyeusi. Wanawake walicheka, bibi harusi ameshikishwa kadi kama mfungwa! Wacheke. Tangu zianze mvua hizi za El Niño kazi zangu zinarudi na rangi mbovu, wateja wananikimbia. Ndolo, anayenisafishia picha Ukunda, anasema mashine ikirekebishwa mpaka mraba wa kijivu utoke kijivu kweli, basi na sura za watu zitatoka kama zilivyo.

Mwanapili amechoka sana. Pilau hakuigusa.

Jumanne, 10 Februari

Picha zimetoka. Za manjano! Uso, mikono, hata macho.

Mamake Amin alizitazama mojamoja, akazirudisha kwenye bahasha. Akasema kwa upole kwamba pengine wangetafuta mtu wa Mombasa. Afadhali angenitukana. Mama akanitetea, eti ni yale manjano na liwa aliyosingwa mwari, kupakwa mwili mzima, wiki nzima kabla ya harusi. Mwanapili mwenyewe akasema ni mashine ya Ndolo. Nami nasema ni mashine. Itakuwa nini tena?

Jumatano, 11 Februari

Nimemwagia Ndolo bahasha nzima mezani. Alichukua picha yenye kadi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiweka kando ya kadi yenyewe. Nyeupe kwa nyeupe. Kijivu kwa kijivu. Sawasawa.

“Dada Hafsa, mashine haina makosa,” akasema. “Hii njano ni ya mtu.”

Nikamwambia ni singo. Akauliza kama watu husingwa mpaka ndani ya macho.

Nyumbani hatuna umeme tangu nguzo zianguke, na penye kandili kila mtu ni wa manjano. Bado wako fungate hapa kwetu, Mwanapili hatoki chumbani. Nikamwita uani penye mwanga, nikasingizia nataka kuona hina yake. Nikamtazama machoni.

Ya Rabi.

Alhamisi, 12 Februari

Hospitali, Msambweni. Daktari alimbonyeza chini ya mbavu, akamwuliza mkojo wake una rangi gani. Mwanapili aliona haya, Amin yupo. Akajibu taratibu – kama chai ya rangi, tangu Ramadhani. Alidhani ni saumu.

Damu imepelekwa Mombasa. Yeye amelazwa. Hina bado mbichi vidoleni.

Jumamosi, 14 Februari

Mama anataka Ndolo ayatoe yale manjano pichani. Nimekwenda kuuliza. Inawezekana. Akanitolea moja: Mwanapili macho meupe, sura imetakata, mzuri mno. Lakini asumini za nywele zimekuwa samawati, na kijivu cha kadi pia samawati. Nikamwambia asitoe nyingine.

Sijui kwa nini nilikataa. Ingenigharimu nini?

Mama alikasirika. “Wewe wataka mwanangu akumbukwe vile?”

Akumbukwe. Neno lilimtoka, naye akalisikia.

Alhamisi, 19 Februari

Njia ya nyongo imeziba, ndivyo alivyoeleza daktari. Wanajaribu dawa kwanza. Manjano yakipungua, atarudi nyumbani. Yakizidi, ni kupasuliwa, Mombasa, na hapo hakutuahidi kitu.

Basi sote tumekuwa watazamaji. Amin anaapa yamepungua. Mama anaondoka kitandani analia kwamba yamezidi. Wauguzi nao, wa asubuhi ana lake, wa jioni ana lake. Mimi macho yangu siyaamini tena, yanaona ninachotaka.

Leo Mwanapili akanishika mkono. “Dada, lete ile kadi. Hawa wote wananionea huruma.”

Daktari amekubali. Nampiga picha asubuhi, dirishani, kadi karibu na shavu. Amekonda. Kadi imemlemea mkononi, nikaishika mimi.

Sipendi kazi hii. Nilidhani naipenda.

Jumatatu, 23 Februari

Naandika hapa dukani kwa Ndolo. Nimepiga tena leo asubuhi, nikaikata filamu kabla haijaisha. Daktari ataamua mchana huu, anataka kuona picha ya leo kando ya ile ya kwanza.

Nilipomaliza, Mwanapili alinitengenezea buibui begani, kama kwamba mimi ndiye ninayesafiri.

Amin yuko nje barazani, hakutaka kuingia.

Mashine imenyamaza. Nimemwuliza Ndolo kama imetoka. Imetoka, anasema. Yuko nyuma kule, ananipa mgongo, nasikia akipanga karatasi. Nimemwambia anipe. Anasema nisubiri kidogo, ikauke.

Picha za mashine hii hutoka zikiwa kavu.